Vyungu Tisa vya Kulipia Sufuria Moja

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena, hasa kikiwa cha chuma. Niletee kipande chochote kwenye yadi yangu pale Mukendo, nitakigonga kwa ukucha, nitakinyanyua mara moja, na kabla hujamaliza kunisalimia nitakuambia ni nini, kimetoka kwenye mashine gani, na kama ulikinunua au ulikiokota mahali ambapo mwenyewe bado anakitafuta. Shule niliishia darasa la sita. Leo wapo vijana wanaokuja na vyeti kwenye bahasha kuniomba kazi ya kushika mizani, na ninawapa, sina kinyongo na vyeti. Nina yadi hiyo ya Musoma, nina yadi Bunda, nina magari mawili yanayozunguka mpaka vijiji vya Butiama kukusanya vyuma chakavu, na yote hayo nilianza na baiskeli ya kuazima na gunia moja. Sisemi ili kujisifu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mwezi uliopita kijana wangu mmoja alibandika uji nyuma ya yadi, mzigo ukaingia, akausahau. Mimi nilikuwa naongea na mteja. Kwanza ikaja harufu ya uji ulioshika chini, tamu kidogo, kama sukari iliyoungua. Halafu ikawa chungu. Halafu ikaja ile ya tatu, ya sufuria yenyewe, harufu kavu, kama ya mkono ulioshika sarafu tangu asubuhi. Watu watakuambia alumini haina harufu. Ina harufu, muulize aliyewahi kuiunguza. Nilimwacha mteja na bei yake mdomoni, nikakaa juu ya giaboksi kuukuu, na kwa muda kidogo sikuwa mwenye yadi. Nilikuwa mtoto wa kijiji cha Kiriba mwenye masizi mpaka kwenye viwiko, nimesimama mbele ya jambo ambalo haliwezi kurudishwa.

Wenzangu mliokua kando ya ziwa mnajua sufuria kubwa ilikuwa na maana gani zamani zile. Kila nyumba ilikuwa na zake mbili tatu ndogo, zenye mabonde na viraka. Ile kubwa, ya kupikia watu sitini, haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya kikundi cha akina mama wa kanisani, walichanga mpaka ikapatikana, na chini yake walichora herufi K kwa msumari. Ukifiwa, sufuria inakuja kwako na akina mama wanakuja nayo. Ukioza binti, vilevile. Msiba bila sufuria ya kikundi ulikuwa msiba wa mtu asiye na watu. Ilitunzwa kwa zamu, nyumba hadi nyumba, na kupewa zamu ya kuitunza ilikuwa ni kuambiwa kwamba sasa tunakujua.

Mama yangu hakuwa mtu wa Kiriba. Alitoka Butiama, kwa watu wa ng'ombe, akaolewa huku kwa watu wa nyavu na muhogo. Hakuwa na dada wala shangazi wa kumkimbilia, na baba alikuwaga visiwani kwenye uvuvi, anarudi mara moja moja na samaki wakavu na maneno machache. Kile kikundi ndicho mama alichokigeuza ukoo wake. Siku sufuria ilipoletwa nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza, aliiosha ingawa ilikuwa safi, akaiweka kwenye kona ya chumba chake, akaifunika khanga. Mimi nilikuwa naingia kwa kunyata, nafunua khanga, najitazama. Ndani yake uso wangu ulikuwa mpana kama wa mtu mzima mwenye mali. Niliamini sufuria ile inaona mbele.

Aliyekuwa haipendi ni bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa mfinyanzi. Kiriba nzima ilikunywa maji kwenye mitungi yake, na zamani watu walikuwa wanapika kwenye vyungu vyake, mpaka sufuria zilipoanza kuja. "Hilo bati lenu," alikuwa anamwambia mama, "mboga ukiipa mgongo kidogo tu imeungua. Chungu kinakusubiri. Chungu kina adabu."

"Chungu kinavunjika, mama," mama anajibu.

"Hata mtu anavunjika. Mbona hujamwacha mwanangu?"

Mimi bibi aliniita mume wangu, kama mabibi wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume, na aliniahidi kwamba nikikua nitamjengea nyumba isiyokuwa na sufuria hata moja.

Sasa ikatokea Jumamosi moja akina mama wanapika makande ya wageni wa kanisa. Kwa sababu ya ukubwa wa sufuria, mafiga ya jikoni kwetu hayakutosha, ikapikiwa nyuma ya nyumba, palepale bibi alipokuwa anachomea vyungu vyake. Makande yakaiva, yakapakuliwa kwenye ndoo, wakayabeba kwenda kanisani. Chini ya sufuria ukabaki ukoko. Mama akamwaga maji kidogo ndani, akairudisha kwenye moto, akaniambia, "Moto mdogo, baba, ulainishe ukoko tu. Usitoke hapa. Nikirudi naisugua."

Nilisema ndiyo. Moto mdogo ulionekana utachelewa, kwa hiyo nikapanga kuni za bibi, zile za kuchomea vyungu, ngumu kama mfupa, nikazipanga nyingi ili ukoko ulainike haraka na mimi nipate muda wangu. Halafu wenzangu wakapita wakikimbia, wavu wa kokoro umevutwa majini umejaa furu, samaki wadogo, mtu anaokota anachoweza kubeba kwenye shati. Nikasema dakika mbili.

Niliporudi na furu kwenye shati, sufuria ilikuwa imeketi. Sijui niseme vipi. Ilikuwa imekaa chini kama mtu aliyekatwa miguu, na tako lake limefunguka tundu kubwa kuliko sahani, na pembeni mwa lile tundu chuma kilikuwa kinang'aa na kudondoka, tone, halafu tone jingine, kwenye majivu. Nilikuwa sijawahi kuona chuma kinalia. Niliacha samaki wote wakaanguka. Niliivuta kwa mti, nikamwagia maji, ikalia kwa sauti, na ilipopoa nikaibeba mpaka ziwani nikaizamisha kwenye matete.

Mama aliporudi nilimwambia niliiosha nikaianika juani, nikaenda kujisaidia, kurudi sikuikuta. Ndiyo kwanza wanunuzi wa vyuma walikuwa wameanza kupita vijijini na baiskeli, na kila kilichopotea walisingiziwa wao. Mimi pia nikawasingizia. Kazi hiyohiyo ndiyo imekuja kunijengea nyumba, na mpaka leo mtu akija yadini na sufuria ya jikoni namuuliza maswali mengi kuliko polisi.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Mama Nyangeta, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo watu waliinamia kuisikia. Alikuja na wenzake watatu, wakakaa kwenye mkeka.

"Sufuria haina miguu, mama," alisema.

"Imeibwa, Mama Nyangeta. Hata mimi nimeshtuka."

"Hatusemi umeiiba. Tunasema ilikuwa mkononi mwako."

Walizunguka majiko ya kijiji kizima kuitafuta. Waliingia mpaka jikoni kwa mjane mmoja ambaye watu walikuwa wanasema ana mkono mrefu, wakapindua vyombo vyake vyote, wakamwacha amekaa kwenye kizingiti ameshika tama. Niliona. Nilikuwa nimesimama barabarani, nikageuka nikarudi nyumbani na siri yangu. Mwisho wakaamua: mama alete sufuria nyingine ya ukubwa uleule, na mpaka atakapoileta, asikae nao. Neno lao lilikuwa hilo, kukaa. Hakufukuzwa. Ila hatakaa.

Mama hakulia mbele yao. Alilia jikoni, amegeukia ukuta. Bibi akaja akasimama mlangoni, akamtazama mgongo.

"Bei gani hilo bati?" aliuliza.

Mama akasema bei.

"Vyungu tisa vikubwa," bibi akasema. "Kuna mama lishe Musoma mjini anapenda kuchemshia maharage kwenye chungu, alishaniomba. Nitafinyanga."

"Mama, wewe unaichukia sufuria."

"Naichukia. Lakini wewe nimekuzoea."

Nilisikia maneno hayo nikiwa nyuma ya ukuta wa matete, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kujua kwamba uongo una uzito. Bibi akaenda kuchimba udongo bondeni na mgongo wake ule. Akaukanda, akauchanganya na vigae vya zamani vilivyosagwa, akaanza kuinua vyungu kimoja kimoja, bila gurudumu, kwa mikono na kipande cha kibuyu. Kila kimoja alikiweka kwenye kivuli cha banda kikauke polepole. "Udongo ukiuharakisha unakukasirikia," aliniambia. "Wiki tatu, mume wangu. Hata mvua ikija, hata njaa ikija, wiki tatu."

Kama ingeishia hapo, ningebaki na dhambi moja tu. Ila wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa sayansi akaingia darasani na kipande cha bati na sufuria iliyobonyea. Alikuwa kijana, mgeni, anapenda kutushangaza. Akatuuliza sufuria inatoka wapi. Tukasema dukani. Akacheka, akasema inatoka chini ya miguu yetu. Akasema hakuna chuma kilichojaa kwenye udongo wa dunia kama alumini, kwamba ukikanyaga udongo mwekundu unakanyaga mali, na kwamba watu wanauchimba, wanaitoa alumini ndani yake, wanatengeneza sufuria, nyaya za umeme, mbawa za ndege.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hata udongo wa bibi yangu?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Bibi yako anafinyanga? Basi huo wake ndio uliojaa hasa."

Nilitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyeokota hazina. Nilipanga hesabu yangu hivi, na mpaka leo sioni ni mtoto gani angepanga tofauti. Alumini imo kwenye udongo. Alumini ikipata moto mkali inadondoka, nimeona kwa macho yangu. Bibi anachoma vyungu kwa moto wa wastani na anavitoa mapema, ndiyo maana maisha yake yote hajaiona. Vyungu tisa vikubwa vitatoa alumini ya kutosha sufuria nzima, pengine itabaki ya kijiko. Sikuwa nataka kuharibu. Nilitaka kumaliza deni kwa siku moja, na kwa siri, ili siku mama atakapokuta sufuria mpya kitandani asiulize ile ya zamani ilikwenda wapi.

Siku mama na bibi walipokwenda shamba kung'oa muhogo, vyungu vilikuwa na siku tano. Nje vilionekana vikavu. Nilivibeba kimoja kimoja kama watoto wachanga, nikavipanga juu ya mafiga yaleyale ya nyuma ya nyumba, nikajaza kuni ndani na nje, nikaongeza kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, nikawasha. Nilipuliza kwa kipande cha bomba mpaka macho yakaona nyota. Moto ukapanda juu kuliko mimi.

Kwanza havikusema kitu. Halafu kimoja kikalia, pa! Kipande kikapita sikioni. Kingine kikafuata. Leo najua ni maji. Udongo wa siku tano una maji tumboni, moto ukiyakuta yanataka kutoka yote kwa mara moja, yanapasua ukuta. Siku ile nilijua ni alumini inatoka. Kila mlio nilihesabu, nikapiga makofi, na cha tisa kilipolia nikaruka ngoma peke yangu kwenye moshi.

Moto ulipolala nilichukua mti nikachokoa majivu. Vigae, vigae tu, vyekundu na vyeusi. Nikachokoa zaidi, mpaka chini kabisa, kwenye majivu ya zamani. Na hapo nikaiona. Ilikuwa imelala, nyeupe, imeviringika kama yai la njiwa lililobonyezwa, na nyingine ndogo pembeni yake. Niliifuta kwenye kaptula ikang'aa. Nilipiga magoti palepale. Nimewahi kushika dhahabu ya watu wa migodini tangu wakati huo, nimeshika mali nyingi, lakini hakuna nyingine niliyoipigia magoti.

Kwa hiyo bibi na mama walipoingia uani na mizigo ya muhogo kichwani, hawakunikuta nimejificha. Walinikuta nimesimama katikati ya vigae, nimenyoosha kiganja, nacheka.

"Bibi, imetoka," nikasema. "Mwalimu alisema kweli. Imetoka kwenye udongo wako."

Bibi aliutua mzigo polepole. Alitazama banda tupu. Alitazama vigae. Halafu akaja, akachukua lile tone kiganjani mwangu, akalipima kwa mkono kama anavyopima udongo, akaligonga kwa jino.

"Mume wangu," alisema, "huu udongo naujua tangu sijavunja ungo. Hauna hii."

"Mwalimu alisema—"

"Mwalimu amesema. Mimi nasema hii ni sufuria."

Mama alikuwa bado ana mzigo kichwani. Alilitazama lile tone mkononi mwa bibi, halafu akatazama mafiga, na niliona jambo likipita usoni mwake kutoka juu hadi chini, kama pazia. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Iko wapi?"

Nikawapeleka kwenye matete.

Nilikuwa nangoja kipigo, na kipigo kilikuja baadaye, cha haki, cha kutosha. Lakini kabla ya kipigo mama aliitoa sufuria majini, ikiwa na tundu lake na matope, akaiweka kichwani, akasema "Twende." Angeweza kuirudisha majini. Mnunuzi wa vyuma na baiskeli yake alikuwa ameshahukumiwa, na angebaki mwizi. Bibi mwenyewe alimwambia, "Iache izame, mwanangu. Nitafinyanga vingine, watalipwa, nani atajua?" Mama akasema, "Yule mjane walimpindulia vyombo, mama." Tukapita katikati ya kijiji mchana kweupe, kwanza kwa yule mjane, mama mbele na lile tundu juu ya kichwa, mimi nyuma na tone kwenye ngumi.

Kwa Mama Nyangeta akasimama uani, akaitua. "Imeungua mkononi mwangu," alisema. "Mwanangu alidanganya na mimi nikawapelekea uongo wake. Nendeni mkamwombe radhi yule mama. Mimi nimetoka kwake sasa hivi."

Mama Nyangeta aliiinamia sufuria, akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu. "Kuungua ni ajali," alisema kwa ile sauti yake. "Tungechanga. Lakini tumeingia jikoni kwa mtu kwa neno lako. Sasa hukumu ile haiwezi kupungua. Leta sufuria, uje ukae."

Bibi alianza kufinyanga upya. Akafikisha vyungu vinne. Masika yakaja, udongo haukauki, kifua kikamshika, na kabla mvua haijakatika bibi akafa. Akina mama walikuja mmoja mmoja kutoa pole, walilia kweli, lakini sufuria mpya waliyokuwa wamechanga haikuja, kwa sababu mama alikuwa hakai. Watu zaidi ya mia walikuwa uani. Mama akafunga khanga kiunoni, akatoa vile vyungu vinne ambavyo havijachomwa, akaona havifai, akasimama anavitazama. Ndipo yule mjane akaingia na chungu kichwani, cha zamani, kimeiva kwa moshi. "Hiki alinifinyangia yeye," alisema. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine. Kila nyumba iliyokuwa imeacha chungu cha bibi kwenye dari kwa sababu ya sufuria ilikishusha. Nilihesabu mafiga kumi na saba yanawaka uani kwetu. Bibi alizikwa na watu wakala kutoka kwenye mikono yake mwenyewe, na hakuna chakula kilichoungua siku ile.

Ningependa kusema baada ya hapo mambo yalilainika. Hapana. Mama alikuwa na kiburi, na kama mnaona mimi nina majivuno kidogo, basi mjue nilipoyanyonya. Alisema, "Nimeshapika msiba bila wao." Hakupeleka sufuria mwaka ule wala mwaka uliofuata. Alipokuwa anapita kisimani, akina mama walimsalimia na yeye akawaitikia, na hakuna aliyetaja sufuria. Mimi niliacha shule, nikaenda mjini kutafuta maisha na gunia langu, na lile tone nililiuza siku ya kwanza kabisa, likiwa juu ya rundo la makopo, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Miaka mingi baadaye mhandisi mmoja aliyekuja yadini kununua nyaya za umeme alinieleza nilikosea wapi. Mwalimu hakudanganya. Udongo wa bibi umejaa alumini, ila imeshikamana na ile hewa tunayovuta kwa namna ambayo moto wa kuni hauiachanishi hata ukipuliza mpaka kiama. Wanachukua udongo maalumu, wa nchi nyingine huko, wanausafisha kwa dawa, halafu wanaupitishia umeme mwingi kuliko wa mji wetu wote. Ndiyo unaachia. Lakini alumini ikishatoka, hakuna chuma chepesi kurudi motoni kama hicho, unakiyeyusha leo kopo, kesho sufuria, keshokutwa fremu ya dirisha, hakichoki. Mafundi wangu wa Nyasura, kule Bunda, wanasubu sufuria kwa pistoni na madirisha mabovu wanayoyayeyusha na kuyamimina kwenye mchanga, na nikipita nasikia ile harufu kwa mbali, naongeza mwendo. Bibi alikuwa sahihi na mwalimu alikuwa sahihi, na mtoto aliyesimama katikati yao alivunja vyungu tisa.

Mama sasa ni mzee sana. Anaishi kwangu Nyasura, kwenye nyumba ya vigae, ana chumba chake na choo chake cha ndani, majirani wanakuja kuiona. Wiki ile ya harufu ya uji nilikwenda kumsalimia, nikamkuta amekaa kitandani amekunja khanga mapajani. Akaniuliza atazikwa wapi. Nikamwambia, "Mama, maneno gani hayo." Akasema Kiriba, pembeni ya baba, hilo analijua, anachouliza ni nani atapika.

"Nitaleta wapishi wa Mwanza," nikamwambia. "Wenye hema na sare. Watapika pilau la watu elfu."

"Wapishi," alisema. "Mimi sio harusi." Akaikunja khanga upya. "Nataka wale akina mama. Nimekaa nje muda mrefu, baba."

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba aliumia. Miaka yote nilidhani ameshinda.

Nikaenda Kiriba na gari, nyuma nimepakia sufuria kumi mpya za yadini kwangu, kubwa, zinang'aa. Kikundi bado kipo. Mwenyekiti ni Nyangeta mwenyewe, binti wa yule mama, naye amezeeka, tulikuwa darasa moja. Walikuwa wameniambia saa nne, barabara ikanichelewesha, nikafika saa tano kasoro wamekaa kwenye viti vya plastiki vya kanisa wananingoja. Nikasimama, nikaeleza. Nikasema nimeleta kumi mahali pa moja.

Wakanong'onezana. Nyangeta ana sauti ileile ya mama yake, ilibidi niiname.

"Zawadi utaleta siku nyingine, kaka, tutaipokea kwa vigelegele," alisema. "Leo hujaja kutoa zawadi. Mama yako hadaiwi sufuria kumi."

"Basi chukueni moja."

"Hizo umezitengeneza wewe. Hatujui uzito wake. Sufuria ya kikundi tunanunuaga wenyewe, dukani, tunachagua. Lipa bei yake."

Mmoja akapiga simu dukani Musoma, akauliza bei ya ile ya watu sitini. Sikubishana bei, na mimi bei nabishana hata na watoto. Nikalipa. Nikalipa kiingilio cha mwanachama, kwa sababu walisema anaingia upya kama bibi harusi, na wakaandika jina la mama kwenye daftari, jina lake la Butiama, la kabla hajaolewa. Nikadhani tumemaliza, nikainuka.

"Bado faini," mweka hazina akasema. "Mjumbe amechelewa kikao."

"Mjumbe nani?"

"Si umekuja kwa niaba yake?"

Wakacheka wote, na mimi nikaingiza mkono mfukoni tena. Nikampigia mama simu palepale, nikaiweka kwa sauti, na wale akina mama wakamwita kwa jina lake la Butiama, mmoja baada ya mwingine. Sufuria ilikuwa laki moja na themanini na tano elfu, kiingilio elfu kumi, faini elfu mbili na mia tano. Jumla, kukaa tena kwa mama yangu kumenigharimu shilingi laki moja, tisini na saba elfu na mia tano.